Leza ya gari na ndege inakatika? Soma grafu kabla hujashika bisibisi

Hii nawaandikia nyie mnaohangaika na mawasiliano ya leza, upande mmoja gari lenye kichwa cha leza juu ya paa, upande wa pili ndege inapita kilometa kumi, ishirini, hamsini huko, na katikati hakuna waya wala faiba, ni mwale tu. Nimekaa ndani ya gari la namna hiyo misimu kadhaa ya majaribio na kitu kinachojirudia ni hiki: mawasiliano yakikatika mmoja anakimbilia bisibisi, mwingine analaumu mawingu, na hakuna hata mmoja aliyefungua grafu ya mwanga uliopokelewa aone yamekatikaje. Na jibu karibu kila mara liko pale pale, maana kila tatizo lina mwendo wake wa kukata. Ukungu unakata kwa dakika, ndege ikilala ubavu kukata kona inakata kwa sekunde, mtetemo unakata kwa mapigo yaliyopangika kama ngoma, hewa ya moto inakata ovyo ovyo kwa milisekunde, na swichi ya mtandao inaendelea kukata wakati mwanga umesharudi.

Na asije mtu akakwambia hii kitu haiwezekani. Mwaka 2006 kule Ufaransa ndege aina ya Mystère 20 iliongea kwa leza na setilaiti ya Artemis, umbali wa karibu kilometa 40,000. Mwaka 2013 Wajerumani wa DLR, kituo chao cha utafiti wa anga, walituma gigabiti 1.25 kwa sekunde kutoka kwenye ndege ya kivita ya Tornado iliyokuwa inakimbia kilometa 800 kwa saa, umbali wa kilometa 60, na kituo cha chini kilikuwa cha kuhamishika. Kwahiyo fizikia inakubali, yako ikigoma kuna sababu na sababu inatafutika.

Kwanza angalia unarekodi mara ngapi

Kama logi yako inaandika nguvu ya mwanga mara moja kwa sekunde, sahau, hutaona chochote cha maana. Mwanga unaweza kuzama na kurudi mara hamsini ndani ya hiyo sekunde, wewe unaona wastani tu na unasema "mbona mwanga ulikuwepo". Rekodi angalau mara elfu mbili kwa sekunde, pande zote mbili, na saa za pande zote zifuate GPS, ili ukiweka grafu ya gari juu ya grafu ya ndege zilingane. Andika pia pembe za kichwa, kasi ya ndege, jinsi ilivyolala, na kosa linaloonwa na kamera ya kufuatilia. Diski ni rahisi kuliko saa moja ya mafuta ya ndege jamani.

Kingine shika hesabu hii kichwani, itakusaidia kuliko programu yoyote: miliradiani 1 ni mita 1 kwa kila kilometa 1. Mwale unaotanuka miliradiani 1 ukifika kilometa 20 una upana wa mita 20. Na nyuzi 0.1, ambayo mtu anaiona kidogo sana, ni karibu miliradiani 1.7, yaani kwa kilometa 50 umepiga pembeni mita 87. Huo mwale uko porini huko, ndege haijauona.

Haishiki kabisa, mnatafutana tu

Hapa ndo muda mwingi unapotea, acha niseme kwa urefu. Kawaida kila upande unawasha mwanga mpana wa kutafutia, mwenzake anauona kwenye kamera, anageuza kichwa, afu wote wanabana kwenye mwale mwembamba wa data. Ikishindikana hatua ya kwanza, leza haina shida, kuna mtu amedanganywa yuko wapi au anaangalia wapi.

Sababu kubwa nne. Moja, uelekeo wa gari. Kama unatumia dira ya sumaku ndani ya gari la chuma lenye jenereta na spika, hiyo namba ni ya kubahatisha, tumia GPS ya antena mbili zilizoachana mita kama mbili juu ya paa. Mbili, urefu kutoka usawa wa bahari. GPS yenyewe inapima kutoka kwenye umbo la hesabu la dunia, ramani inapima kutoka usawa wa bahari, na hizo mbili hazilingani, kusini mwa Ujerumani tofauti ni kama mita 47, kwetu pwani ya Afrika Mashariki inaenda upande wa pili kwa zaidi ya mita 20. Mita 47 kwa kilometa 20 ni miliradiani 2.3 na ushee, na kama mwanga wako wa kutafutia ni mwembamba umeshakosa. Mbaya zaidi ni ukichukua urefu kwenye kipimo cha presha ya hewa cha ndege, maana kile kinahesabu kwa presha ya kawaida ya 1013.25 na leo presha inaweza kuwa nyingine, kila hektopaskali moja ni kama mita 8. Tatu, umbali kati ya antena ya GPS na darubini yenyewe, watu wanasahau kuuingiza, na kwenye ndege ya mita 20 antena iko mgongoni na kichwa cha leza kiko tumboni. Nne, kuchelewa.

Hii ya nne ilitula siku tatu. Ndege ilikuwa inatuma mahali ilipo kwa redio, sisi tunageuza kichwa kuifuata, na kila siku tunakosa. Tulibadilisha lenzi, tukafungua kamera, tukafunga, mtu mmoja akaanza kusema leza imekufa. Mwisho tukakaa na logi tukaona ujumbe wa redio unafika nusu sekunde umechelewa, na ndege ilikuwa inaenda mita 80 kwa sekunde, kwahiyo tulikuwa tunapiga mita 40 nyuma ya mkia, kwa kilometa 10 hiyo ni miliradiani 4. Mstari mmoja wa programu wa kusogeza mahali mbele kwa kasi mara muda, ikashika raundi iliyofuata.

Namna ya kuzitofautisha bila kufungua kitu: mwambie rubani apite mbele yako kutoka kushoto kwenda kulia, afu arudi kulia kwenda kushoto kwa umbali ule ule. Kama kosa linahama upande, yaani kila mara uko nyuma ya ndege, ni muda. Kama kosa linabaki upande ule ule wa dunia hata akigeuka, ni uelekeo wa gari. Kama ni juu au chini na linazidi kukua kwa pembe ndege inavyokaribia, ni urefu. Raundi mbili tu, unajua uguse nini.

Imeshika, lakini inapigapiga kama ngoma

Mwanga unapanda unashuka kwa mpangilio, na ukiweka grafu kwenye uchambuzi wa masafa, yaani mapigo mangapi kwa sekunde, unaona mlima mmoja umesimama peke yake. Huo ni mtetemo, na namba ya mlima inakutajia nani anatetemesha. Propela ya mapanga matatu inayozunguka mara 2000 kwa dakika inakupa 100 kwa sekunde. Injini ya silinda nne ikiwa inaunguruma tu bila kukanyaga mafuta, mizunguko 800 kwa dakika, inakupa kama 27. Gari likiwa barabarani, bodi juu ya springi inacheza mara moja au mbili kwa sekunde, na matairi yenyewe yanarukaruka kama mara 10 mpaka 15. Piga hesabu ya kila chombo kilichopo, linganisha, umeshampata.

Testi ya haraka kwa gari: simama, zima injini, washa kwa betri. Mlima ukipotea ni injini, weka mpira kati ya paa na kichwa, lakini angalia mpira wenyewe usije ukawa na mtetemo wake wa asili pale pale kwenye shida, nimeona mtu kaweka mpira laini hali ikawa mbaya mara mbili. Shokapu zikiwa zimekufa hakuna programu itakayokuokoa kwenye barabara ya vumbi, badilisha shokapu.

Ila kuna mlima mwingine ambao hautoki kwenye chuma, unatoka kwenye kile kioo kidogo cha kurekebisha, kinachocheza mara mamia kwa sekunde kufuta mitetemo. Ukikipa nguvu kupita kiasi kinaanza kujitetemesha chenyewe, kinarekebisha marekebisho yake. Punguza ile gain, yaani nguvu ya kurekebisha, kidogo, kama mlima unasogea au unapotea, kosa ni lako kwenye mipangilio. Kama haujasogea hata kidogo, rudi kwenye bolti. Na bolti kweli zikazwe zote kwa kipimo, moja iliyolegea chini ya darubini inatosha kuharibu wiki.

Inakatika ovyo, milisekunde chache chache

Grafu haina mpangilio, mwanga unazama desibeli kumi, ishirini (kila desibeli kumi ni kubaki na sehemu moja ya kumi), unarudi baada ya milisekunde 5 au 10, unazama tena. Ni kile kile unachokiona mchana kwenye lami, hewa inacheza juu ya barabara, na usiku nyota zinametameta. Hewa ya moto na ya baridi zinachanganyikana, kila kibonge kinakuwa kama lenzi mbovu, mwale unapasuka vipande.

Watu wanadhani milisekunde 10 si kitu. Kwa gigabiti 1.25 kwa sekunde, milisekunde 10 ni megabiti 12.5 zimeondoka, na zimeondoka kwa mkupuo, kwahiyo msimbo wa kawaida wa kurekebisha makosa unaotegemea biti moja moja kuharibika hausaidii. Unahitaji kuzichanganya biti kwa muda mrefu kuliko huo mzamo, ndipo urekebishe, na ukubali kuchelewa kidogo. Au utumie utaratibu wa kurudia kutuma vilivyopotea.

Lakini kabla ya hapo ondoa ya kuondolewa. Hewa mbaya kuliko zote iko mita chache za chini, na wewe umeweka darubini juu ya boneti ya moto, karibu na eksozi, juu ya lami, saa nane mchana. Hamia kwenye majani, inua kichwa hata mita mbili, elekeza eksozi upande wa pili wa upepo, fanya testi asubuhi muda mfupi baada ya jua kuchomoza au jioni kabla halijazama, hewa inatulia sana saa hizo. Ukiona kutoka gari kwenda ndege ni kubaya kuliko kutoka ndege kuja kwenye gari usishangae, hiyo ni kawaida, mwale wa kupanda unaharibiwa mwanzoni kabisa afu unasafiri na ulemavu wake kilometa zote zilizobaki, wa kushuka unaharibiwa mwishoni tu. Ndo maana vituo vingi vya chini vinarusha miale miwili au zaidi kutoka sehemu zilizoachana kidogo, mmoja ukizama mwingine haujazama. Kupokea, tumia lenzi kubwa, inakusanya vipande vingi kwa pamoja na wastani unatulia.

Kama ovyo hiyo inakuja pale tu ndege inapokuangalia kwa nyuma, yaani imeshakupita na kichwa chake kimegeukia mkiani, usilaumu hewa ya chini. Hiyo ni hewa ya ndege yenyewe inayojiviringisha nyuma ya kichwa cha leza, na kadri inavyokimbia ndivyo inavyozidi. Hapo kinachosaidia ni umbo la kichwa na kupanga njia ya kuruka, ndege izunguke duara uwe ubavuni kwake muda wote, isije na kupita.

Inafifia taratibu mpaka inakufa

Ukungu, wingu, vumbi, au umande. Hewa safi haikuli hata desibeli 1 kwa kilometa, ukungu mzito unaweza kula zaidi ya 100, na desibeli 100 maana yake kati ya sehemu bilioni kumi za mwanga imebaki moja. Hakuna leza ya kushindana na hilo, na usidanganyike kwamba leza ya nanomita 1550 inapita kwenye ukungu kwa sababu ni infraredi, matone ya ukungu ni makubwa kuliko urefu wa wimbi hilo, yanalizuia vizuri tu. Kwenye vumbi jembamba na moshi inasaidia kidogo, kwenye wingu hapana. Weka redio ya akiba kwa siku hizo na usione aibu. Hata ule mradi wa Taara, wa kampuni mama ya Google, uliovusha leza juu ya mto Kongo kati ya Brazzaville na Kinshasa mwaka 2021, ulikuwa wa karibu kilometa 5 tu na pande zote zimesimama.

Umande ndo unaowapotosha watu. Ndege imekaa juu kwenye baridi saa nzima, inashuka kwenye hewa yenye unyevu, kioo cha mbele kinapata jasho na mwanga unafifia kama vile kuna ukungu. Na kwa gari, ukiwa Mombasa au Dar umewasha AC mpaka mwisho, kioo kinapoa na jasho linakaa kwa nje. Tofauti yake hii: ukungu unategemea umbali, ndege ikikaribia nusu ya njia unapata nafuu kubwa kupita kawaida. Umande hautegemei umbali, umekata desibeli zake na haubadiliki. Ukiukuta, weka waya wa kupasha kioo joto kidogo, na ndani ya kichwa jaza naitrojeni kavu au pakiti za kufyonza unyevu, na hizo pakiti zibadilishwe, sio ziwekwe zikasahaulika.

Kama upande mmoja unapokea vizuri na mwingine hauoni kitu, hapo hewa haihusiki sana. Ama mwale wa kutuma na jicho la kupokea haviangalii sehemu moja ndani ya kichwa chako, ama kiunganishi cha faiba kimechafuka. Pima kwanza nguvu inayotoka kwenye faiba, afu ndo upange upya vioo. NA ZIMA LEZA KABLA HUJACHUNGULIA KITU. Mwanga wa 1550 hauonekani kabisa, ni salama zaidi kwa jicho kuliko wa 850 kwa sababu unafyonzwa mbele kabla haujafika kwenye retina, lakini amplifaya ya wati kadhaa inachoma hata hivyo, na mtu mwenye darubini upande wa pili anaukusanya wote. Fuateni kiwango cha IEC 60825-1, na mamlaka ya anga ijue unarusha nini na wapi kabla ya siku ya testi.

Inakatika sehemu ile ile ya njia kila raundi

Chora pembe za kichwa pale ilipokatika, raundi zote juu ya karatasi moja. Kama ni utosini, ndege inapopita juu yako, ni kichwa cha mihimili miwili kimeshindwa kuzunguka. Ndege ya mita 200 kwa sekunde ikiwa kilometa 6 juu inahama kama nyuzi 2 tu kwa sekunde, lakini ikipita pembeni yako mita 200 ule mhimili wa chini unatakiwa uzunguke nyuzi 57 kwa sekunde ili kuifuata, na mota nyingi haziwezi. Sogeza gari kilometa mbili pembeni ya njia, shida imeisha. Kama inakatika kwenye pembe ile ile ya mzunguko ni kebo imefika mwisho wa kujizungusha na kichwa kinarudi nyuma kufungua. Kama ni pale ndege inapokata kona, bawa au mkia umeingia katikati, mwambie rubani akate kona pana. Kama inategemea saa ya siku kuliko njia, angalia jua liko wapi, likiingia karibu na mstari wa kuangalia kamera inajaa weupe, unahitaji filta nyembamba zaidi au kupanga ndege iwe upande wa pili wa jua.

Na kuna ile inayokufa ndege ikikaribia, wakati ulitegemea iwe nzuri zaidi. Kutoka kilometa 50 mpaka 5 mwanga unaongezeka mara 100, yaani desibeli 20, jicho la kupokea linajaa na haliwezi kusoma. Weka kipunguza mwanga kinachojirekebisha, au punguza nguvu ya kutuma. Wenye mitambo inayosoma wimbi lenyewe la mwanga wakumbuke pia kasi, mita 250 kwa sekunde inahamisha masafa ya leza ya 1550 kwa kama megahezi 160, risiva lazima ifuate. Wa kuwasha na kuzima mwanga tu hawahitaji kuwaza hilo.

Mwanga upo, data hakuna

Hii inauma kuliko zote kwa sababu kila mtu wa leza anasema mimi niko sawa, na kweli yuko sawa. Grafu inaonyesha mwanga ulizama milisekunde 20 ukarudi, lakini kompyuta ya gari inasema mtandao ulikuwa chini nusu dakika. Hiyo nusu dakika ni ya swichi. Moduli ya faiba ikikosa mwanga hata kidogo inaiambia swichi kebo imechomolewa, mwanga ukirudi swichi inaona kebo mpya, inaanza ile protokali yake ya kuzuia mizunguko, STP, ambayo kwa mipangilio ya zamani inasubiri sekunde 15 kusikiliza na 15 kujifunza kabla ya kuruhusu paketi hata moja. Kwahiyo hewa ikikata mara moja kila nusu dakika, wewe hupati kitu siku nzima, wakati leza imefanya kazi zaidi ya asilimia 99 ya muda.

Zima STP kwenye hiyo poti ya leza, ukiwa umehakikisha hakuna njia ya pili inayoweza kuzungusha paketi. Weka kifaa kati ya leza na swichi kinachoendelea kuiambia swichi kebo ipo hata mwanga ukizama kidogo. Afu angalia TCP, ule utaratibu wa mtandao unaohakikisha kila paketi imefika, maana yenyewe paketi zikipotea inadhani barabara imejaa magari, inapunguza mwendo kwa nusu, na kupanda tena inachukua muda, ndo maana unaona kiungo cha gigabiti kinapitisha megabiti chache. Kwa testi tumia UDP, inayotuma tu bila kusubiri jibu, yenye namba za mfuatano, hapo utaona upotevu halisi ulivyo. Sisi siku tulipobadilisha hiyo mipangilio hatukugusa kioo wala bolti, ndege ile ile, hewa ile ile ya saa tisa mchana, na video iliyokuwa inaganda kila dakika ikaja mzunguko mzima bila kuganda hata mara moja.